Kikombe cha Uzani wa Kati: Samatar au Ewoi

CHAMA CHA NDONDI CHA ISIOLO

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA NNE CHA KAMATI, MWAKA 1983

Tarehe: Jumamosi, 19 Novemba 1983
Mahali: Ghala la zamani la ngozi, nyuma ya soko la mifugo, ambalo chama hutumia kwa mazoezi
Kuanza: Saa nane u nusu mchana

Waliohudhuria:
Bw. Bile Warsame, mwenye malori: Mwenyekiti
Bw. Bedan Kiugu, karani wa ofisi ya maji: Katibu
Bi. Gakii Mbaabu, mfanyabiashara wa miraa: Mweka Hazina
Bw. Lokwang Lotukoi, askari jela mstaafu: Mjumbe
Bw. Ewoi Ekaale, kocha na bondia: Mjumbe
Mzee Samatar Elmi: Mlezi wa Chama

Aliyealikwa: Bi. Safiyo, mke wa Mzee Samatar, ambaye humwongoza kwa kuwa Mzee haoni.

Aliyekosa kwa udhuru: Bw. Jarso Guyo, dereva.

AJENDA
1. Kufungua kikao
2. Kumbukumbu za kikao kilichopita
3. Jina la kikombe cha uzani wa kati
4. Ombi la Bw. Ewoi kwenda Embu
5. Mengineyo

KUMB. NA. 4/83/1: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwasalimu wajumbe kwa salaam aleikum na kwa habari zenu, kila mmoja kwa yake. Bi. Gakii aliongoza maombi, kisha Mwenyekiti akasoma dua, kama ilivyo desturi ya chama. Ilielezwa kwamba Bw. Jarso hatafika kwa sababu lori lake limekwama matopeni njia ya Garbatulla tangu Alhamisi. Wajumbe walishukuru kwa mvua na kumsikitikia Bw. Jarso.

KUMB. NA. 4/83/2: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Katibu alisoma kumbukumbu za kikao cha tatu. Bw. Lokwang alipinga maneno "aliondoka akipiga kelele". Alisema kwamba yeye hakupiga kelele, aliondoka akiongea. Bi. Gakii alieleza kwamba siku hiyo alikuwa ametoka kupokea mzigo wake barabarani na alisikia kila neno kutoka huko. Baada ya majadiliano, maneno hayo yalibadilishwa yakawa "aliondoka akiongea kwa sauti". Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 4/83/3: JINA LA KIKOMBE CHA UZANI WA KATI

(a) Mwenyekiti alieleza kwamba kikombe kipya kimefika kutoka Nairobi na kinangoja kuchorwa jina. Alikumbusha wajumbe kifungu cha tisa cha katiba ya chama: kikombe kitapewa jina la bondia wa Isiolo aliyewapita wengine wote katika uzani wake, awe ameacha kupigana, na kama yu hai, akubali kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya kamati. Wanachama walileta majina mawili. La kwanza ni la Mzee Samatar Elmi, bingwa wa KAR, jeshi la wakoloni, katika miaka ya baada ya vita, aliyepigana mara ya mwisho mwaka 1958. La pili ni la Bw. Ewoi Ekaale, aliyeanza hapa chamani mwaka 1969 na akawa bingwa wa mkoa kwa miaka saba. Hawa wawili hawakuwahi kukutana ulingoni, kwa kuwa mmoja alimaliza kabla mwingine hajaanza.

(b) Mwenyekiti aliwataka wajumbe waseme kwa utaratibu. Badala yake mazungumzo yaliangukia Marekani. Bw. Lokwang alisema kwamba hakuna mtu wa uzani wa kati aliyewahi kuwa kama Hagler, ambaye juma lililopita tu alimshinda Durán kwa pointi baada ya raundi kumi na tano. Mwenyekiti alijibu kwamba Robinson alitwaa taji la uzani huo mara tano, na kwamba Hagler angekuwa wakati wa Robinson angejifunza adabu. Katibu alimtaja Monzón wa Argentina, aliyeacha ngumi taji likiwa bado lake, lakini hakusikilizwa. Bi. Gakii aliuliza mbona hakuna anayemtaja Dick Tiger wa Nigeria, ambaye marehemu mume wake alikuwa amebandika picha yake kibandani hadi ikafifia. Wajumbe walikubali kwamba amesahaulika na haifai.

(c) Bi. Gakii aliendelea kuuliza: "Mtu wa zamani na mtu wa sasa, nyinyi mnawapimaje? Hata ng'ombe hapo sokoni, mnataka wasimame pamoja ndiyo mseme huyu ni mkubwa." Swali hilo halikujibiwa moja kwa moja.

(d) Mwenyekiti alimtetea Mzee Samatar. Alisema kwamba glavu za wakati ule zilikuwa ngumu, mazoezi yalikuwa kukimbia na bunduki mgongoni, na wapinzani walikuwa wanaume waliorudi kutoka vitani Burma, ambao ngumi haikuwatisha. Alisema kwamba yeye mwenyewe, akiwa mtoto, alibebwa mabegani na baba yake kumwona Mzee akimwangusha mtu wa Nanyuki kwa mkono wa kulia, na tangu siku hiyo hajaona mkono kama ule.

(e) Bw. Lokwang alimtetea Bw. Ewoi. Alisema kwamba siku hizi ndondi zimekua, polisi, jeshi na magereza wote wana mabondia wenye walimu, na Bw. Ewoi aliwapiga wote hao na hajawahi kuanguka. Mwenyekiti aliuliza Mzee Samatar aliangushwa na nani. Bw. Lokwang alijibu kwamba hajui, hakuwepo, na Mwenyekiti naye alikuwa mabegani. Aliongeza kwamba wengine wangemwona Bw. Ewoi akipigana Meru mwaka 1976 kama lori waliloahidiwa lingekuja, lakini lori lilienda kuchukua ngamia. Mwenyekiti alisema kwamba jambo la lori la 1976 limeshajadiliwa katika vikao visivyopungua sita. Bw. Lokwang alisema kwamba limejadiliwa lakini halijajibiwa.

(f) Bw. Ewoi aliomba nafasi. Alisema kwamba wajumbe wasigombane kwa ajili yake. Jina lake liondolewe. Mkubwa ni Mzee Samatar, kila mtu mjini anajua, na yeye Ewoi amefundishwa mkono wa kulia na Mzee huyo huyo, kwa maneno tu na kwa kushikwa bega. Zaidi ya hayo, kifungu cha tisa hakimruhusu kwa sababu bado anapigana. Aliiomba kamati imwandikie barua ya kwenda mashindano ya mkoa huko Embu mwezi wa pili. "Nina miaka thelathini na tano. Najua. Lakini bado moja iko ndani," alisema. Wajumbe walimpigia makofi. Mwenyekiti alisema kwamba kwa maneno hayo ajenda ya tatu na ya nne zimekwisha pamoja, na akauliza kama kuna anayepinga.

(g) Mzee Samatar alisema kwamba yeye anapinga.

(h) Bi. Safiyo alimshika kiwiko akasimama. Mzee alishukuru kwa heshima aliyopewa, kisha akasema: "Mimi sitaki kuandikwa. Aandikwe Ewoi. Alikuwa bora kuliko mimi."

Mwenyekiti, ambaye humwita Mzee adeer kama Wasomali wanavyomwita ndugu wa baba, alisema, "Adeer, pengine umechoka. Keti kwanza." Mzee alijibu kwamba hawezi kuwa amechoka kwa kuwa ameketi tangu saa nane u nusu.

(i) Bw. Lokwang, ingawa ni yeye aliyekuwa akimtetea Bw. Ewoi, aliuliza kwa heshima: "Mzee, wewe Ewoi hujawahi kumwona hata siku moja. Macho yalikwenda kabla huyu hajaingia mji huu. Unampima na nini?"

Mzee Samatar alisema kwamba anampima na masikio. Miaka kumi na nne ameketi karibu na kamba. Alieleza kwamba cha kwanza kusema ni miguu. Kuna bondia anayekanyaga kama anayebeba gunia, na kuna anayekanyaga kama anayefagia, na Bw. Ewoi alikuwa anafagia. Ngumi iliyofika ina sauti fupi. Ngumi iliyokosa haina sauti, lakini mwenyewe hutoa pumzi kama mtu aliyeteleza kwenye ngazi. "Huko Meru, yule askari wa Gilgil aliyepigana naye aliteleza ngazi raundi zote tatu. Nikaanza kucheka. Safiyo akanifinya."

Bi. Safiyo alithibitisha kwamba alimfinya, kwa sababu mama wa yule askari alikuwa ameketi nyuma yao.

(j) Mzee aliendelea: "Mimi nilikuwa na mkono wa kulia, basi. Watu waliuogopa, wakasimama mbali, mimi nikawafuata. Ewoi hangeogopa. Raundi ya kwanza ningemsumbua. Ya pili tungekuwa sawa. Ya tatu mimi nimechoka, yeye ndiyo anaanza."

Bw. Ewoi alidakia bila ruhusa ya Mwenyekiti. "Si hivyo, Mzee. Kila mtu aliyeona hiyo mkono anasema ilikuwa inatoka chini. Mimi nikiangalia ile ya kushoto, hiyo ya kulia ingenikuta hapa. Raundi ya pili ningekuwa chini."

Mzee alisema kwamba Bw. Ewoi hangekuwa chini. Bw. Ewoi alisema kwamba angekuwa chini na hangeamka upesi. Mzee alimwambia asimfundishe ngumi zake mwenyewe. Katibu hajawahi kuandika ugomvi wa aina hii, kila mmoja akishikilia kwamba yeye ndiye angepigwa. Bi. Gakii alicheka. Mwenyekiti aligonga meza.

(k) Kulipotulia, Mzee Samatar alisema: "Nimesema alikuwa. Sikusema yuko."

Alieleza kwamba bondia akiiona ngumi inakuja, hufunga pumzi kabla haijafika. Ni kitu cha mwili, hakifundishwi. Bw. Ewoi, ngumi ikimjia upande wa kulia, anafunga pumzi. Ikimjia upande wa kushoto, tangu mashindano ya Pasaka, inafika kwanza na pumzi ndiyo inafuata. Mzee alisema kwamba alidhani amesikia vibaya. Akaja mazoezini kila jioni, mwezi baada ya mwezi, akasikiliza. Kisha akageukia mahali alipoketi Bw. Ewoi. "Nikuulize hapa mbele ya watu, ama nikuulize nje?"

Bw. Ewoi alisema aulizwe hapo.

"Hiyo jicho ya kushoto inaona nini?"

Bw. Ewoi alijibu, "Inaona vizuri, Mzee. Ni miaka tu."

Mzee aliketi. Adhana ya alasiri ilisikika, na Mwenyekiti akasimamisha kikao.

KUMB. NA. 4/83/4: MAPUMZIKO YA SWALA

Mapumziko kwa kawaida hayaandikwi. Haya yameandikwa kwa ombi la mjumbe.

Mwenyekiti, Mzee Samatar na Bi. Safiyo walienda kuswali. Bi. Gakii na Bw. Lokwang walitoka kutafuta chai. Katibu alibaki ghalani akipanga karatasi zake, na Bw. Ewoi alibaki ameketi kwenye kibao chake. Baada ya muda Bw. Ewoi aliweka kiganja juu ya jicho la kulia akageuza uso kuelekea mlangoni.

"Karani," aliuliza, "huo mlango uko wazi ama umefungwa?"

Katibu alimjibu kwamba uko wazi. Ulikuwa wazi kabisa, na jua la saa kumi lilikuwa linaingia hadi katikati ya ghala.

Bw. Ewoi aliondoa kiganja. Kisha alisema kwamba zamani kidogo palikuwa na ukungu tu, kama mtu ameshika kitambaa pembeni. Sasa ni giza, na giza hilo linatoka upande wa nje linaelekea puani. Nyumbani amekuwa akimwambia mke wake, Awo, amkalie upande wa kulia, akimdanganya kwamba sikio la kushoto linauma. Katibu alimuuliza kama anataka aitiwe mtu. Alisema hapana.

"Andika," alisema. "Wakirudi uwasomee. Mimi mdomo wangu hautaweza."

Katibu aliandika kama ilivyo hapo juu.

KUMB. NA. 4/83/5: KUENDELEA NA AJENDA YA TATU

(a) Kikao kilirejea saa kumi na robo. Katibu alisoma maandishi ya mapumziko kwa wajumbe wote. Bw. Ewoi alikuwa ameinama akiangalia mikono yake.

(b) Bw. Lokwang aliuliza mbona hakumwambia hata yeye, ambaye humfunga bandeji mikononi kila pambano na hula kwake kila Jumapili. Bw. Ewoi alisema, "Wewe ungenikataza, Lokwang."

"Ningekukataza, ndiyo."

"Basi ndiyo hiyo."

(c) Bi. Gakii alimuuliza anaogopa nini, maana anayeogopa giza hawezi kupoteza jicho moja kisha arudi ulingoni kuliuza na lile lingine. Bw. Ewoi alisema haogopi giza. Alisema, "Huko nje mimi ni mtu kama watu. Nikiingia ofisini naambiwa ningoje. Nikiingia dukani naulizwa nina pesa. Lakini ndani ya kamba najua mahali pa kuweka mguu. Sijawahi kujua hivyo mahali pengine."

(d) Mzee Samatar aliomba kusema tena, akasema akiwa ameketi. Alieleza kwamba mwaka 1958 jicho lake moja lilikuwa limeshaingia ukungu, na alificha. Siku ya kupimwa na daktari wa jeshi alisikiliza majibu ya mtu aliyetangulia akayarudia. Kisha alipigana mara moja zaidi, Nairobi, na mwanajeshi kutoka Uganda. "Nilishinda," alisema. "Watu hudhani nilipigwa. Nilishinda raundi zote tatu, nikabebwa. Na ndani ya hiyo kubebwa nikaona taa zimekatika upande mmoja." Daktari alimwambia baadaye kwamba pazia la ndani ya jicho limebanduka ukutani, na kwamba angekuja mapema pengine lingeshikwa. Jicho la pili lilianza ukungu siku chache baadaye, na mwaka uliofuata likazimika.

Alisema kwamba aliporudi kutoka pambano hilo, Bi. Safiyo alikuja kumpokea basi liliposimama, akiwa amejifunga shali ya manjano. Hiyo ndiyo mara ya mwisho alipomwona sawasawa. "Sikujua kuwa naangalia mara ya mwisho. Ningeangalia zaidi."

Bi. Safiyo, ambaye si mjumbe lakini aliruhusiwa na Mwenyekiti, alisema kwamba shali ilikuwa ya kijani, na amemwambia hivyo miaka yote. Mzee alisema ilikuwa ya manjano. Bi. Safiyo alimwangalia, kisha akasema, "Haya. Ilikuwa ya manjano."

(e) Mwenyekiti aliomba maji akanywa. Alipoendelea, alisema kwamba sasa anaelewa kwa nini Mzee amelikataa jina. Bw. Ewoi akiandikwa kwenye kikombe, kifungu cha tisa kinamzuia kupigana tena, Embu na popote.

(f) Bw. Lokwang aliuliza swali ambalo alisema lazima liulizwe: "Mzee, unasema Ewoi ni bora kwa sababu ya jicho yake, ama ni ukweli? Maana mimi sitaki apewe kama sadaka."

Mzee Samatar alisema: "Yote mawili. Ingekuwa ni jicho peke yake ningemwambia nyumbani, nimshike mkono, nimwombe. Nimeyasema hapa kwa sababu ni kweli. Mimi nimepigana na wanaume wengi, na nimewasikiliza wengi kuliko niliopigana nao. Huyu alikuwa mbele yetu sote. Nilitamani kuwa na macho jioni moja tu, nimtazame. Sikutamani macho kwa kitu kingine kama kwa hicho." Kisha alisema, "Samahani, Safiyo." Bi. Safiyo alisema hakuna neno.

(g) Mwenyekiti alisema kwamba yeye, aliyebebwa mabegani, anapendekeza jina la Bw. Ewoi Ekaale. Aliomba wa kuunga mkono. Kila mtu alimwangalia Bw. Lokwang.

Bw. Lokwang alisema kwamba tangu mwezi wa sita alikuwa amejiandaa kwa safari ya Embu, na hata bandeji ameshazinunua. Alisema kwamba ni vigumu mtu kuinua mkono wa kumshusha rafiki yake ulingoni. Aliomba dakika chache akasimama mlangoni akiwa amewapa wajumbe mgongo. Aliporudi hakuketi. Alisema, "Naunga mkono," na Katibu anathibitisha kwamba safari hii hakuongea kwa sauti.

(h) Bi. Gakii na Katibu walikubali. Mzee Samatar na Bw. Ewoi hawakupiga kura kwa kuwa mambo yanawahusu.

(i) Mwenyekiti alimuuliza Bw. Ewoi, kama katiba inavyotaka, iwapo anakubali kwa mdomo wake mwenyewe. Nje watoto wa mazoezi ya jioni walikuwa wameshaanza kufika, na sauti za kamba za kuruka zilisikika ukutani.

Bw. Ewoi alisema, "Nikisema ndiyo, basi imekwisha."

Mzee Samatar alijibu, "Imekwisha."

"Hata ile moja?"

"Hata hiyo. Mimi hiyo moja niliipigana. Haikunijaza. Ukimaliza, ingine inaingia pale pale."

Bw. Ewoi aliinua uso. "Nakubali," alisema.

AZIMIO: Kikombe cha uzani wa kati kiitwe Kikombe cha Ewoi Ekaale. Ombi la barua ya Embu limeondolewa na mwenyewe.

KUMB. NA. 4/83/6: MENGINEYO

(a) Mwenyekiti alisema kwamba Jumatatu alfajiri atampeleka Bw. Ewoi kwa daktari wa macho, kwenye hospitali ya misheni huko milimani, ili ijulikane kama kuna linaloweza kufanyika kwa jicho la kushoto na jinsi ya kulinda la kulia. Bw. Lokwang aliuliza kama lori litakuja. Mwenyekiti alisema kwamba atalileta yeye mwenyewe hadi mlangoni kwa Bw. Ewoi, na kwamba mwaka 1976 alikosea, ngamia wangengoja. Bw. Lokwang alisema kwamba jibu hilo linatosha, na akauliza kama kuna nafasi ya mtu wa pili mbele. Iko.

(b) Ilikubaliwa kwamba Bw. Ewoi aendelee kuwa kocha. Bi. Gakii alishauri kwamba kuanzia leo yeye asishiriki mazoezi ya kupigana na vijana hata kwa mzaha. Bw. Ewoi alisema kwamba hilo litakuwa gumu kuliko Embu. Lilipitishwa. Ilikubaliwa pia kwamba Awo aelezwe leo hii, na aelezwe na mume wake, si na soko.

(c) Mzee Samatar aliuliza kama anaweza kumshika Bw. Ewoi uso. Bw. Ewoi alienda akachuchumaa mbele ya kiti chake. Mzee alipitisha vidole kwenye paji la uso, nyusi zote mbili, pua na taya, akasema kwamba pua imepona vibaya, nani aliirudisha. Bw. Lokwang alikiri ni yeye. Mzee alisema, "Basi hivi ndivyo ulivyo," na akaacha mkono wake pale shavuni kwa muda.

(d) Bw. Ewoi, akiwa bado amechuchumaa, aliuliza swali. Alisema kwamba kwa miaka kumi na nne ameamka kabla ya jua akakimbia hadi darajani na kurudi. "Mzee, kesho yake, mtu akishaacha, akiamka anafanya nini?"

Mzee Samatar alifikiri. Alisema kwamba yeye asubuhi ile aliamka saa zile zile, akavaa viatu, akafunga kamba, kisha akakaa kitandani kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Ndiyo ilikuwa asubuhi mbaya kuliko zote, kuliko hata ile ya macho. Alisema kwamba Bi. Safiyo alimkuta hivyo na hakumwambia kitu. Alileta chai, akaketi kando yake, wakanywa hadi jua likatoka.

"Wewe usikae peke yako," Mzee alisema. "Ukiamka vaa viatu, uje kwangu."

Bi. Safiyo alisema, "Njoo na Awo. Nitaweka maziwa mengi."

Bw. Ewoi alisema kwamba watafika mapema sana, pengine wenyeji watakuwa wamelala. Bi. Safiyo alisema kwamba katika nyumba ile hakuna anayelala saa hizo.

Katibu aliuliza kama jambo hili ni la kamati au ni la nyumbani, ili ajue kama aliandike. Mwenyekiti alisema ni la kamati.

AZIMIO: Bw. Ewoi Ekaale na mke wake Awo wataenda kwa Mzee Samatar Elmi kesho, Jumapili tarehe 20 Novemba, kabla ya jua kutoka, kunywa chai. Wajumbe wote waliafiki.

KUFUNGA

Vijana waliokuwa wakingoja nje waliruhusiwa kuingia. Mwenyekiti aliwaachia ghala na kufunga kikao saa kumi na moja na robo jioni.

Imesainiwa:

Bile Warsame
Mwenyekiti

Bedan Kiugu
Katibu